Nyota Walizoziona Wote

Mwalimu wetu wa sayansi hakunipenda, wala hakujisumbua kulificha jambo hilo. Darasa la jioni lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima wote, na kila mmoja alimwita kwa kazi yake: Muuguzi, Mlinzi, Fundi Bomba. Mimi aliniita Dobi, lakini kinywani mwake neno hilo lilitoka kama kitu anachokitema.

"Dobi, una miaka mingapi?"

"Arobaini na minane, Mwalimu."

"Na desimali bado zinakushinda. Keti."

Niliketi. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, na hii ilikuwa mara yangu ya tatu kujiandikisha masomo ya jioni. Mara ya kwanza nilikatishwa na ujauzito, ya pili na maradhi ya mama. Shule iliruhusu mtu kuandikishwa mara tatu tu. Nikitolewa safari hii, basi, mlango umefungwa.

Aliyenichukia kumshinda Mwalimu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekaa dawati la nyuma. Yeye ni mshonaji, na tunakaa nyumba moja. Hakuja kwa kupenda masomo. Kaka yake anafanya kazi mbali, na yeye alijiandikisha ili ajue mke wa kaka yake huwa wapi kila jioni mpaka saa tatu. Alipogundua kwamba kweli nasoma, alikasirika kuliko ambavyo angekasirika kama angenifumania.

Kitu kimoja tu Mwalimu alikipenda, nacho ni darubini ya shule, bomba nene jeupe lililosimama juu ya paa la zege chini ya turubai. Vioo vyake vya kutazamia vilihifadhiwa katika sanduku la mbao. Siku ya kwanza alituonyesha lile sanduku bila kumpa mtu alishike.

"Kioo hakiguswi," alisema. "Si kwa kidole, si kwa kitambaa. Atakayekigusa asihangaike kurudi. Nitamtoa darasani mimi mwenyewe."

Kwa kuwa duka la dobi ninakofanya kazi linatazamana na shule, mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Kwa hiyo nilipewa kazi ya kupandisha sanduku juu. Alhamisi moja nililifungua kuhakikisha kila kitu kimo, nikaona alama ya kidole juu ya kioo kirefu kuliko vyote, kile kinachokuza zaidi. Mkono wangu ukafanya kile unachokifanya kutwa nzima. Nilikipulizia pumzi, nikatoa kitambaa changu cha mkono, nikafuta, nikageuza upande mkavu, nikafuta tena. Kikang'aa. Ndipo nikakumbuka sheria.

Nilifunga sanduku na kusali. Ilikuwa sala fupi ya mtu anayetaka jambo lipite haraka. Nilijiambia kwamba kusafisha si kosa, nikaamini.

Jioni ile Mwalimu alitueleza kuhusu fundo la nyota. Sauti yake ilibadilika, hata ule ukali ukapungua. Alisema kuna mahali angani ambapo nyota laki kadhaa zimekusanyika katika umbo la tufe, zikishikana kwa uzito wao wenyewe. Zilizaliwa kabla jua letu halijawaka. Mwanga tutakaouona uliondoka huko zaidi ya miaka elfu ishirini iliyopita. Nilihisi nywele zikinisimama. Nilijisemea moyoni, Mungu wangu, uliziwasha zote hizo na bado unanisikia nikilalamika juu ya desimali?

Alilitafuta fundo lile kwa kioo kifupi, akalipata, kisha akaweka kile kirefu. Akatazama. Akazungusha kitasa kulia, akazungusha kushoto. Akavua miwani yake, akasugua macho, akatazama tena. Mwisho akasimama kando.

"Haya. Njooni mmoja mmoja."

Muuguzi akainama.

"Unaona?"

"Naona, Mwalimu."

"Unaona nini?"

"Nyota. Nyingi sana." Picha ya fundo ilikuwa ndani ya kitabu, ukurasa wa sitini na mbili, na sote tulikuwa tumeiona.

"Ee bwana," alisema Fundi Bomba alipofika zamu yake, "huku juu kuna msongamano kuliko foleni ya maji!"

Wifi yangu alikaa pale muda mrefu kidogo. "Zimejaa mpaka katikati, Mwalimu. Kama shanga zilizomwagika."

Mimi nikainama. Niliona doa la kijivu, kama mvuke uliobaki kwenye kioo cha bafuni. Nilifumba jicho, nikalifumbua. Doa lile lile.

"Sioni nyota, Mwalimu. Naona wingu dogo."

Walicheka mpaka Mlinzi akashika ukuta.

"Anaona mvuke wa pasi," alisema wifi yangu. "Kazi imemwingia machoni."

Tukachora. Mchoro wa wifi ulibandikwa ukutani darasani, vitone vidogo vilivyopangika kama mshono wa mashine. Mimi nilichora wingu, nikapata sifuri.

Alhamisi ya pili, wingu. Ya tatu, wingu. Nilidhani Mungu amenificha nyota zile kwa sababu ya dhambi fulani, nikaanza kuzihesabu dhambi zangu kama mtu anayekagua nguo za mteja, mfuko kwa mfuko. Nilifunga siku mbili. Nilipiga magoti kando ya meza ya kupigia pasi kabla tajiri hajafika, nikaomba niondolewe ukungu machoni.

Alhamisi ya nne Mwalimu hakutupandisha juu. Alisimama mbele ya darasa, na kwa mara ya kwanza hakumkaripia mtu.

"Huu ni muhula wangu wa mwisho," alisema. "Macho yangu yamekwisha. Ninyi kumi mnaona nyota mpaka katikati. Mimi naona alichokiona Dobi. Mtu asiyeona hawezi kufundisha anga. Muhula ukiisha, darubini itarudi stoo."

Muuguzi alitazama meza, na Fundi Bomba akawa anatafuta kitu mfukoni asichokipata. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilishuka ngazi nikijiambia: na wewe sasa umejua ladha yake.

Kesho yake asubuhi daktari mmoja alikuja kuchukua koti lake. Alikuwa amesahau miwani mfukoni mwa koti lile, na mimi kwa wema nilikuwa nimeifuta kabla ya kumrudishia. Akaivaa, akaivua, akanitazama juu mpaka chini.

"Umeipaka nini hii?"

"Nimeifuta tu, bosi."

"Umeifuta kwa kitu gani, uji? Taa yako ile ina ndevu! Leta maji!"

Nilitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwangu. Mimi hutia wanga nguo zote, na vitambaa vyangu vya mkono huvitia pia, kwa sababu napenda vikunjike vizuri. Kikikutana na pumzi kidogo, wanga unalainika, na unachokifuta unakiachia utando mwembamba usiouona. Alipoondoka nilichukua miwani yangu ya kusomea, nikaipulizia, nikaifuta kwa kitambaa kile, nikatazama balbu. Balbu iligeuka kuwa wingu dogo la kijivu.

Nilikaa juu ya gunia la nguo chafu. Nilikuwa nimemwomba Mungu wiki tatu aondoe ukungu nilioupaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Usiku ule nilimkuta wifi jikoni akiosha masufuria kwa hasira, kama kawaida yake.

"Wifi, zile nyota. Uliziona kweli?"

"Niliona walichoona wengine."

"Wengine waliona nini?"

"Walichoona wengine! Usinichimbe." Akageuka. "Una nini wewe?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku maji yakimchuruzika viwikoni. Nilipomaliza alicheka kwa pua.

"Basi nyamaza. Ukisema, anakutoa. Hii ni mara yako ya tatu, au umesahau? Na mimi nitakupigia makofi ukishuka ngazi."

"Najua."

"Mzee yule amekutukana mbele ya watu tangu mwezi wa kwanza. Leo unamwonea huruma?"

"Simwonei huruma. Anaamini amepofuka."

"Na mchoro wangu?"

Alitupa sufuria kwenye beseni, maji yakanirukia usoni.

"Mtakatifu," alisema. "Nenda kasali."

Nilikwenda kweli. Sala ile haikuwa nzuri. Nilimwambia Mungu kwamba naitaka shule kuliko ninavyotaka kusema kweli, kwamba nimeingoja miaka thelathini na saba, na kwamba Mwalimu yule ni mtu mbaya. Nilisema yote. Nilipomaliza hakuna kilichobadilika, ila nilijua nitasema.

Alhamisi iliyofuata tulipanda juu. Giza lilikuwa limeingia, na taa za barabarani zilikuwa mbali chini yetu. Mwalimu alifungua sanduku taratibu, kama mtu anayefungua kwa mara ya mwisho.

"Mwalimu," nilisema, "kioo hicho kirefu nilikifuta mimi. Kwa kitambaa cha wanga. Kabla hatujaliona fundo kwa mara ya kwanza."

"Mwongo huyo!" Wifi alisogea mbele. "Hakuona kitu, sasa anataka sote tuonekane vipofu kama yeye!"

"Kweli, Dobi, hiyo umeitunga," Mlinzi alisema. "Sisi tuliziona."

"Nyamazeni," alisema Mwalimu.

Alikielekeza kioo kwenye tochi, akakiinamisha. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akatoa chupa ndogo ya spiriti na pamba mfukoni, akakisafisha kwa mizunguko midogo, akabadilisha pamba, akasafisha tena. Akakirudisha mahali pake. Akatazama.

Tulingoja. Muuguzi alikohoa. Mwalimu hakuondoka pale. Niliona mkono wake ukitafuta stendi ya darubini na kuishika, kama mtu anayeogopa kuanguka. Alipoinuka, alifuta mashavu kwa kiganja, kisha akatugeukia, na uso wake ulikuwa wa kutisha.

"Nani aliziona nyota mpaka katikati?"

Mlinzi alirudi nyuma hatua moja.

"Inueni mikono! Mwezi mzima mlikuwa mnasema mnaziona. Nani aliona shanga?"

Wifi alitazama viatu vyake.

"Nimekwenda kwa daktari wa macho mara mbili," Mwalimu alisema. "Nimemwambia mke wangu kwamba nimekwisha. Watu kumi!" Akanigeukia. "Na wewe. Umegusa kioo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sheria unaijua."

"Naijua."

Nilichukua mfuko wangu. Nilikuwa nimefika mlango wa ngazi niliposikia sauti yake.

"Unakwenda wapi?"

"Nimetolewa, Mwalimu."

"Sifuri niliyokupa ni ya kioo kichafu. Siwezi kupeleka ofisini alama isiyo halali. Njoo uchore. Ukimaliza kuchora, ndipo uende."

Nikarudi. Niliinama juu ya kioo.

Sijui nieleze vipi. Kwanza nilidhani kuna kitu kinachemka. Ule ukungu ulikuwa umepasuka, na ndani yake mlikuwa na nyota, na nyuma ya nyota nyota, punje ndogo kali zisizohesabika, zikijazana kuelekea katikati mpaka jicho lilikataa kuzitenganisha. Kingoni zilikuwa chache, zimetawanyika, na kulikuwa na kamba za nyota zilizotoka nje kama nyuzi za pindo. Nilipoliangalia fundo moja kwa moja, zilifichama. Nilipopeleka jicho pembeni kidogo, zote zikatokea kwa mkupuo, hata nikaacha kupumua. Hakuna hata moja iliyokuwa kama kwenye picha ya kitabu. Zilikuwa hai. Sikukumbuka kusali. Baadaye nilifikiri labda kule kutazama ndiko kulikuwa kusali, lakini wakati ule sikufikiri chochote.

"Mwalimu," Fundi Bomba alisema nyuma yangu, "na sisi je?"

"Ninyi mlishaziona," alisema Mwalimu. "Mpaka katikati."

Nilianza kuchora, karatasi juu ya goti, tochi imefunikwa kitambaa chekundu. Natazama, naweka kitone kimoja. Natazama, naweka kingine. Nilianzia kingoni kwa sababu kingoni ndiko nilikokuwa na uhakika. Darasa lilisimama kwenye ubaridi. Nilisikia minong'ono, nikasikia jina langu ndani yake pamoja na maneno mengine yasiyoandikika. Wifi alisogea mpaka nikahisi pumzi yake shingoni.

"Fanya haraka, wewe mwanamke."

"Nafanya."

"Unafanya makusudi."

Sikuwa nikifanya makusudi. Nilikuwa nimechora vitone sitini na kitu kengele ya saa tatu ilipolia.

"Umemaliza?" Mwalimu aliuliza.

Nilitazama karatasi. Ningeweza kujaza vitone katikati haraka haraka, kama wengine, na kusema ndiyo.

"Hapana, Mwalimu. Nipo ukingoni bado."

Aliichukua karatasi, akaimulika. Nilingoja aichane.

"Hii umeiweka kushoto mno," alisema, akigonga kitone kimoja kwa ukucha. "Na hizi mbili hazijakaribiana hivyo. Mkono wako mzito, Dobi." Akanirudishia. "Hujamaliza, kwa hiyo huwezi kwenda. Alhamisi ijayo utaanza na hiyo ya kushoto. Na sanduku hutalishika tena. Atalibeba Muuguzi."

Alianza kuifunika darubini kwa turubai, akitugeuzia mgongo sote.

Kwenye ngazi wifi alinipita kwa bega, nikajigonga ukutani. Akasimama vipandio viwili chini yangu.

"Ziko ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Laki kadhaa, alisema."

"Na wewe unachora sitini kwa jioni."

"Sitini na kitu."

Alisonya mpaka sauti ikajaa ngazi nzima. Kisha, kwa sauti ya chini na yenye chuki ile ile, akauliza, "Katikati kukoje?"

"Sijafika," nilisema. "Nikifika nitakuambia."

"Sitaki uniambie. Nataka uondoke pale nitazame mwenyewe."

Akaendelea kushuka.