Taa ya Mke wa Fundi Umeme

Wanasema kinyozi hajinyoi, na mimi ni shahidi. Miaka kumi na minane nimefunga taa kwenye nyumba za watu, kwenye korido za hosteli, hata kwenye banda la kuku la bwana mmoja aliyetaka kuku wake waone vizuri kuliko wanangu. Chumbani kwangu palikuwa na balbu moja tu katikati ya dari, na swichi yake iko mlangoni.

Balbu hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Mke wangu hushinda amesimama kwenye kaunta ya duka la dawa, na kwa miaka miwili amekuwa akisomea ufamasia msaidizi. Sebuleni wanalala mama yangu na mabinti zetu wawili, kwa hiyo mahali pekee pa kufungulia kitabu ni kitandani. Mimi nami huamka alfajiri kwenda saiti. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikapaza sauti: "Zima hiyo taa! Humu ndani kuna watu wanaofanya kazi!"

Alizima. Akavuta shuka, akanigeuzia mgongo. Tangu hapo akawa anasoma kwa tochi ya simu, nami nikalala usingizi wa pono bila kujiuliza lolote.

Miezi mitatu baadaye, siku ya Ijumaa, nilirudi nyumbani nikakuta vitabu vyake vyote vimefungwa kwenye boksi. Mama yangu alikuwa anakunja nguo.

"Mkeo anaacha masomo," akaniambia bila kuinua uso. "Jumatatu anapeleka barua chuoni. Mtihani uko wiki sita mbele na anasema hawezi tena."

"Mbona hajaniambia?"

"Akuambie ili umfokee tena? Mwanangu, nimekuzaa mwenyewe, lakini siku ile nilipokusikia kupitia ukutani nilitamani nikukane."

Nikakasirika, kwanza na mama, halafu na mke wangu, halafu nikaishiwa watu wa kukasirikia nikabaki na nafsi yangu. Nilijua alivyoihangaikia ile kozi. Majina ya dawa aliyakariri huku anaosha vyombo, mpaka binti yetu mdogo akayajua. Akiiacha kwa sababu yangu, ningemtazamaje usoni?

Jumamosi nilikwenda kwa muuza vifaa vya umeme, tunayemwita Bonge ingawa ukimkumbatia unahesabu mbavu. Akanipangia taa tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kubana kwenye ubao wa kitanda. Nikaikataa, maana springi zake huchoka haraka na taa ikamwangukia mtu puani. Ya pili ilikuwa ya kuchaji. Nayo nikaikataa, kwa sababu nyumba yangu ina watu watano na chaja mbili. Ya tatu ilikuwa ya kufunga ukutani, ina shingo ya kupinda, kikofia cha kuelekeza mwanga na swichi yake yenyewe pembeni.

"Hii," nikasema. "Na balbu ya njano. Nyeupe ni ya karakana."

"Shemeji anasoma amekaa au amelala?" Bonge akauliza.

"Anasoma kama watu wengine."

"Watu wengine wanasomaje?"

"Wewe Bonge, unauza taa au unachungulia vyumba vya watu?"

Akacheka. Ukweli ni kwamba sikujua. Kila alipofungua kitabu, mimi nilikuwa nakoroma. Ningerudi nyumbani nikamuuliza, lakini nilitaka kumshangaza, basi nikajitia hamnazo nikalipa.

Jumapili mchana mke wangu alipotoka na watoto kwenda kwa dada yake, nilizima umeme wa nyumba nzima nikaanza kazi. Futi ya kupimia niliiacha kwenye begi. Mkono wangu una kimo kimoja, kile cha taa za korido, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na nimekizoea mpaka naweza kukipata nimefumba macho. Nikatoboa kwa drili ya betri, nikakaza skrubu, nikaficha waya ndani ya mfereji wa plastiki ulionyooka hadi kwenye soketi. Nikaurudisha umeme, nikaiwasha, nikajisifu peke yangu.

Aliporudi nilivuta mapazia ili aione vizuri. Akavua viatu, akaegemea mto, akachukua kiboksi cha taa ajaribu kusoma maandishi yake. Kivuli cha kichwa chake kikafunika kiboksi chote. Nikaipinda shingo ya taa hadi mwisho wake, kivuli kikabaki palepale.

"Baba watoto," akasema, "hii ni ya mtu anayesoma amesimama juu ya kitanda?"

Nikamsikia mama akicheka sebuleni. Damu ikanipanda.

"Taa iko sawa! Nimefunga zaidi ya mia mbili namna hii, na hakuna aliyelalamika."

"Hao walikuwa wanapita koridoni. Mimi nalala hapa."

Nilikuwa na jibu tayari, tena lenye pilipili. Kisha nikaliona lile boksi miguuni pa kitanda, nikajua nikilitoa jibu hilo barua itakwenda. Nikalimeza.

"Basi nionyeshe," nikasema. "Lala kama unavyosoma."

Alisita. Halafu akageukia ukuta wa pembeni, akakunja magoti, akavuta shuka hadi juu ya bega, akaishika simu karibu kabisa na uso. Kiwiko kilikuwa kimebanwa ukutani. Upande wangu nilibakiwa na mgongo wake tu.

"Mbona umejikunja hivyo?"

"Ili mwanga usikufikie."

"Kila siku?"

"Tangu siku ile. Masomo hayajanishinda. Bega ndilo limenishinda."

Nikakaa chini sakafuni na drili yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku nilipounguza transfoma ya watu.

"Nisamehe, mke wangu. Niliropoka. Humu ndani hakuna anayefanya kazi kukuzidi."

"Najua," akasema, na bado alikuwa ameutazama ukuta.

"Sasa niambie unavyopenda kusoma. Siyo ulivyozoea, unavyopenda."

Akageuka, akakaa, akaupanga mto upya. Nikashika penseli ukutani naye akaniongoza. "Chini. Chini tena. Usiniogope, shuka tu. Sasa sogea kwako."

"Huku kwangu?"

"Huko huko."

Safari hii nilipima kwa futi, mara mbili, kutoka begani kwake. Yeye akashika gazeti chini ya drili kukinga vumbi. Mama akaja mlangoni, akayatazama matundu mawili niliyoyaacha wazi kule juu, akasema tumtundikie kalenda.

Kazi ilipokwisha mke wangu akaniamuru nilale mahali pangu. Akakigeuza kikofia cha taa.

"Mwanga unakufika?"

"Haunifiki."

"Unasema kweli au unaniogopa?"

"Vyote viwili. Lakini haunifiki."

Akacheka, cheko lake lile la kutoka tumboni, ambalo nilikuwa sijalisikia miezi mitatu. Nikamsikia akishuka kitandani, akibandua gundi ya boksi, akitoa kitabu.

"Barua siipeleki," akasema. "Ila nikifeli, sitakuwa na wa kumsingizia."

"Nisingizie mimi. Nimezoea."

Godoro likabonyea. Nilisubiri agandie ukuta kama zamani, lakini kurasa zilifunguka karibu sana, pumzi yake ikanigusa shavuni. Nikafungua jicho moja. Kitabu kilikuwa katikati yetu, mwanga umetua juu yake, na mke wangu alikuwa anasoma huku amenielekea.

"Fumba macho," akasema, bila kuacha kusoma.