Kigoda Ndani ya Shuka

Wallahi, habari hii ni kweli tupu, kuanzia mkaa wa pasi mpaka tundu la sindano. Mzee Tawakali, karani mstaafu wa bandari ya Lindi, huisimulia kwenye benchi la kahawa pale Mitwero, na kabla hajaanza huapa kwa afya ya macho yake. Asiyeamini huombwa ahamie benchi jingine. Benchi jingine hakuna.

Enzi za Mwingereza, Mwahija alikuwa akipiga pasi kwa Abdulrahmani dobi. Kazi ilianza mkaa ukishika moto, ikaisha mkaa ukiwa jivu, na yote ilifanywa kwa kusimama. Dukani mlikuwa na kiti kimoja, cha mteja. Jumatatu moja alifungua furushi la nguo chafu, akakuta shuka kubwa jeupe lina mwanamke ndani yake.

Alijua alikotoka. Andrea, mwendeshaji wa gari la sinema, aliliazima shuka lile hapo dukani Jumamosi kwa sababu kitambaa chake cha kuonyeshea picha alikisahau kule Mtama. Watu walikwenda uwanjani kutazama filamu ya kuchimba vyoo. Kumbe mikebe ya filamu ilikuwa imebadilishana. Vyoo vilikwenda klabu ya Wazungu, na uwanjani wakatokea wanawake wenye sketi zilizosimama kama uyoga, wakicheza kwa ncha za vidole vya miguu. Filamu ilipokwisha, wote waliondoka isipokuwa mmoja.

Mwahija alimloweka, akamsugua kwa sabuni, akamwanika juani. Hakutoka. Alikuwa wa kijivu, kimo cha mtu mzima, mikono ameiinua juu, miguu imefungwa kanda mpaka kwenye muundi. Ukimtazama vizuri ulimwona anatetemeka kidogo.

Andrea aliitwa aje amwangalie.

"Ngoma yao hiyo inaitwa bale," alisema. "Huyu ameachwa na wenzake."

"Mbona hasemi?" Mwahija aliuliza.

"Sauti yake imebaki kwenye gari."

"Ataondoka lini sasa?"

"Ngoma ikiisha. Na mwisho wa ngoma umo kwenye mkebe, mkebe umeshapelekwa Dar es Salaam."

Basi Abdulrahmani akalitundika shuka ukutani, mkabala na meza ya pasi, maana nguo iliyokwisha kufuliwa haitupwi.

Wanawake wa mjini wakaanza kupita. Waliingia wakiuliza bei ya kufua kanzu za waume zao, huku macho yako ukutani. Pazi, fundi cherehani wa jirani, alikuja na futi yake shingoni, akampima yule mwanamke kiuno na urefu wa sketi, akamshukuru, akaenda kushona sketi kama ile kwa kitambaa cha chandarua. Kabla mvua za vuli hazijaanza, hapakuwa na harusi Lindi isiyokuwa na sketi ya uyoga. Nywele zikafungwa fundo moja juu ya kisogo. Mwenye studio ya picha akamchora kwenye pazia lake, na maharusi wakapigwa picha mbele ya pazia wakiwa wamesimama kwa vidole, mashangazi wakiwashika viuno wasianguke.

Sketi zile hazisimami bila kanji ya muhogo, na kanji haishiki bila pasi. Kila sketi ilikuwa na tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilipigwa pasi peke yake. Abdulrahmani akaongeza meza ya pili, akamwajiri msichana aitwaye Mastura. Viti hakuongeza.

Miguu ya Mwahija ilivimba mpaka makubadhi yakakataa. Akafanya kazi peku, sakafu ya saruji ikimpanda mifupani. Siku aliyoshindwa kuvumilia, alimwendea tajiri wake.

"Bwana, tupatie hata kigoda. Tukae kwa zamu, mimi na huyu mtoto."

"Pasi inapigwa kwa kukaa, Bi Mwahija? Unataka kuniunguzia nguo za watu?" Abdulrahmani akanyoosha kidole ukutani. "Mwone mwenzio. Tangu aje hajaweka hata kisigino chini. Umemsikia akilalamika?"

"Sauti yake imebaki kwenye gari."

"Basi na yako kaiache hukohuko."

Mwahija akarudi kwenye meza yake. Alimtazama yule mwanamke, na yule mwanamke akamtazama yeye. Kwenye ncha ya kiatu kimoja palikuwa na doa la rangi ya kutu. Mwahija alikwisha kulisugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa magadi. Kila alipolifua lilirudi, na mara hii lilikuwa bichi.

Ijumaa, Abdulrahmani alipokwenda msikitini, Mwahija alilishusha shuka, akalitandaza mezani. Akatoa sindano na uzi wa kahawia aliokuwa akidarizia foronya za watu. Mastura alishika pindo.

"Tumdarizie nini, shangazi?"

"Kigoda."

"Mwekee na mto, basi."

"Mto wa nini? Hata mimi sina."

Akaanza na miguu, akapanda kwenye kikalio. Yule mwanamke aliifuata sindano kwa pembe ya jicho, kama mwenye njaa anayesikia harufu ya jikoni kwa jirani. Uzi wa mwisho haujafungwa fundo, akajiachia. Alikaa kwa kishindo, meza ikatikisika na majivu yakaruka kutoka kwenye pasi. Akafungua kanda, akaweka mguu mmoja juu ya goti la pili, akaanza kuukanda kwa dole gumba. Sketi ilimkunjamania mpaka kifuani na hakuijali.

"Anatabasamu?" Mastura aliuliza.

"Anapumua."

Kesho yake mteja wa kwanza alikuwa bibi harusi, amefuatana na Pazi. Walisimama mbele ya shuka kwa muda.

"Sasa akikaa hivi nipime nini?" Pazi aliuliza.

"Mimi sikuja kumtazama mtu akikanda miguu," bibi harusi alisema. "Hayo nyumbani kwetu yapo."

Akachukua kitambaa chake, akaondoka. Abdulrahmani aliangalia kigoda, akaangalia uzi wa kahawia uliokuwa umenasa kwenye pindo la kanga ya Mwahija.

Hapa Mzee Tawakali hunywa funda moja la kahawa, kisha humaliza hivi: Abdulrahmani aliona haya. Alikwenda kwa seremala siku ileile, akarudi na vigoda viwili, kimoja cha Mwahija, kimoja cha Mastura, na wote watatu, pamoja na yule wa kwenye shuka, wakakaa raha mustarehe mpaka bendera ya Mwingereza ikashushwa.

Ndivyo alivyomaliza mwaka jana, siku Bi Mastura alipokuwa akipita na kikapu cha dagaa kichwani. Alisimama.

"Muongo wee, Tawakali!"

"Bi Mastura! Shikamoo."

"Marahaba, muongo. Vigoda gani? Nani aliviona?"

Kuhusu mwanamke wa kwenye shuka hakuna aliyeuliza kitu. Waliuliza habari za vigoda.

"Abdulrahmani alimpa Mwahija mkasi mkononi," Bi Mastura alisema. "Akamwambia, ulichokishona ukifumue mwenyewe, la sivyo mlango ule. Mwahija alikuwa na wanawe nyumbani. Akaushika mkasi."

"Akafumua?"

"Hakuwahi kuvuta hata uzi. Yule mwanamke alipouona mkasi, alimtazama Mwahija usoni. Akafunga kanda zake, taratibu, huu, kisha huu. Akasimama kwa vidole, akainua mikono. Ndipo Mwahija akafumua kigoda kitupu, hakuna mtu juu yake."

"Na wewe je, bibi?" kijana mmoja aliuliza.

"Mimi nilikuwa kwenye pasi. Kulikuwa na sketi ya harusi inasubiriwa."

"Na shuka?"

"Mtoto wa Abdulrahmani analo, dukani, palepale. Nendeni mkamwone. Amekonda."

Desturi ya benchi lile ni kwamba anayenaswa na uongo hulipia kahawa ya wote. Mzee Tawakali hakubisha. Alifungua pindo la msuli wake, akalipa, akaongeza na kashata. Watu wakasogea wampishe Bi Mastura akae. Aliwashukuru, akapokea kikombe, akanywa wima, kikapu cha dagaa kikiwa bado kichwani.