Kosa la Mwalimu Dhone

Usaili wa Mama Wea ulifanyika kwa video dukani kwangu hapa Ende, mji wetu mdogo wa kisiwani, katikati ya mashine mbili za fotokopi, kwa sababu nyumbani kwake mtandao haushiki. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni karibu na bandari, mjane mwenye binti anayesomea ukunga, na alikuwa ameomba kazi ya jikoni kwenye meli ya watalii inayotokea Singapore. Mimi na yeye tulisoma Kiingereza darasa moja la alasiri, kwa Mwalimu Dhone. Nilizima mashine, nikajibanza nyuma ya pazia.

Alijibu vizuri tu, mpaka mwanamke wa upande wa pili alipomuuliza yeye ni mfanyakazi wa namna gani. Mama Wea akakaa wima, akasema polepole sentensi aliyoifanyia mazoezi wiki nzima: "I work hardly."

Mwanamke akauliza kama ana hakika.

"Yes," akasema Mama Wea kwa fahari. "Every day, very hardly."

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Walimshukuru, wakasema wanatafuta mtu anayeipenda kazi. Hatukuelewa mpaka nilipofungua kamusi. "Hard" peke yake ndiyo kwa bidii. Ukiipachika mkia wa "-ly" inageuka kabisa. Ni kama kusema kazi huigusi ila kwa nadra.

"Yaani nimemwambia mimi mvivu?" akauliza.

"Kila siku. Tena sana."

Alicheka kwanza. Halafu akajifunika uso kwa ncha ya saruni yake, na mabega yakawa yanatikisika.

"Si mwalimu ndiye aliyesema," akasema ndani ya kitambaa. "Chukua kivumishi, weka '-ly', umepata kielezi cha namna. 'Slow', 'slowly'. 'Careful', 'carefully'. Nimeandika kwenye daftari."

Hata mimi nilikuwa nimeandika hivyo hivyo.

Siku hiyo hakuja darasani. Nilimvuta Mwalimu Dhone pembeni nikamweleza. Ana miaka sitini na saba, amefundisha maisha yake yote, na Kiingereza alikijua kwa vitabu tu. Hakubisha. Aliomba kamusi, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia."

Akawaruhusu wanafunzi, akapanda pikipiki. Nikamfuata na yangu. Mama Wea tulimkuta anamenya mihogo mlangoni.

"Mama, kosa ni langu," mwalimu akasema akiwa bado amesimama.

"Kaa kwanza, mwalimu, unywe kahawa."

"Sikai."

"Mwanangu alipolazwa, ulinifundisha miezi mitano bila ada. Sasa nikukasirikie vipi?"

"Kasirika kidogo tu. Nitapata nafuu."

Mama Wea akamtazama. "Haya, nimekasirika. Sasa kaa."

Akakaa.

Kesho yake mwalimu alishinda dukani kwangu akiandika barua kwa watu wa meli. Aliandika kwamba mwanamke yule huamka saa kumi alfajiri, na kwamba uvivu waliousikia ulikuwa ujinga wa mwalimu wake. Kila neno alinitaka nilihakikishe kwenye kamusi, hata yale ambayo mtoto anayajua. Ilinichoma roho.

Wiki mbili baadaye walijibu. Nafasi ya jikoni ilikuwa imekwenda, lakini Machi wangemsikiliza tena kwa kazi ya kufua.

"Kufua ni kufua," Mama Wea akasema. Machi alifaulu, Mei akaondoka. Miguu inamvimba, anaandika, ila karo ya binti inalipwa kwa wakati.

Mwalimu alitaka kulifunga darasa. Tulikataa, tulikwenda wote kumi na wanne, tukakaa kwenye madawati tukamsubiri. Aliingia, akachukua chaki. Alituambia tufute ukurasa wa vielezi, akaandika ubaoni maneno yanayokataa mkia, kisha akaweka kamusi kwenye dawati la mbele.

"Nikikosea, inueni mkono," akasema.

Haikupita robo saa, Rambu, binti wa muuza samaki, akainua wake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua kifutio.