Kuanzia Herufi ya Ishirini na Tano

"Kimerudia tena, Rukaiya. Mwanzo wa mstari ni wa sasa, mwisho wake ni wa mstari uliopita."

Mwalimu Winfrida aliondoa mikono juu ya kifaa, akaifunika kwa khanga. Newala ilikuwa na upepo wa baridi mchana ule wa Jumatano. Ijumaa asubuhi afisa elimu angeketi darasani kwake, kisha aamue kama mwalimu asiyeona ataendelea kufundisha au atastaafishwa.

Presha ya macho ilimzimia nuru miaka miwili kabla. Akajifunza maandishi ya nukta nundu akiwa na miaka arobaini na sita. Mimi, mwanafunzi wake wa zamani, nilikuwa nimerudi nyumbani Masasi na shahada ya kompyuta, nikamtengenezea kifaa: kikasha chenye vyumba arobaini, kila chumba herufi moja, vipini vya nukta vikipanda na kushuka kufuata maandishi ya kwenye kompyuta. Nilikiunda kwetu Lisekese, juu ya meza ya mama. Hata kiendeshi, ile programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo na kusemezana na kifaa, niliandika mwenyewe. Nilikijaribu kwa macho, mistari miwili mitatu, nikaridhika.

Sasa nilikuwa nimeshabadilisha waya, nikabadilisha chaja, nikaandika upya nusu ya programu.

"Nisamehe, Mwalimu. Labda Ijumaa usikitumie."

"Nitumie nini, macho yako?" Hakusema kwa hasira. "Weka mstari mwingine. Na mwingine."

Niliweka kama kumi.

"Hakikosei ovyo, mwanangu. Herufi ishirini na nne za kwanza hazijaharibika hata mara moja. Uchafu unaanzia ya ishirini na tano."

Nikaanza kuhesabu. Kila chumba kilikuwa na anwani yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukiandika kwenye anwani hiyo, vipini vinapanda. Anwani ya kwanza ilikuwa namba arobaini. Na kichakataji, ubongo wa kompyuta, hubeba maandishi kwa mafungu ya baiti sitini na nne, kila herufi baiti moja. Sitini na nne toa arobaini: ishirini na nne. Mstari wa Mwalimu ulikuwa unakatika palepale fungu moja linapoishia na jingine linapoanza.

Basi haukuwa waya. Nilipoziunganisha anwani zile na kifaa, nilisahau kukiambia kiini cha mfumo kwamba hii si kumbukumbu ya kawaida. Kichakataji kikawa kinaandika kwanza kwenye akiba yake ya ndani, kisha kinapeleka kikipata nafasi. Fungu la kwanza lilifika; la pili lilibaki njiani.

Nikaongeza amri moja ya kuzuia akiba. Nikawasha upya.

Alisoma ukurasa mzima, midomo ikicheza. "Weka mwingine," akasema, nami nikaweka mpaka adhana ya alasiri.

Huu ni mwaka wa tatu anafundisha na kifaa kile. Lakini Jumatano haikunitosha. Roho ilitulia Ijumaa.

Nilikaa dawati la nyuma. Mwalimu alikuwa anasoma kwa sauti insha ambazo wanafunzi wenyewe walizichapa. Katikati ya insha ya Getrude akanyamaza. Akarudi nyuma, akalipapasa neno upya. Afisa akainua kalamu.

"Getrude," akasema Mwalimu, "mti wa korosho unaitwaje?"

"Mkolosho, Mwalimu."

"Ndivyo ulivyochapa. Siku nyingine tia r."

Darasa zima likacheka, Getrude mwenyewe akicheka kuliko wote, na afisa akajificha nyuma ya faili lake. Mwalimu alikuwa ameshahamia mstari unaofuata.

Nikainamisha kichwa juu ya dawati. Msichana niliyekaa naye akaninong'oneza, "Dada, unaumwa?"

"Siumwi," nikamwambia, na kumsogezea daftari lake lisilowe.