Babu Amenyamaza

Mimi ni mtu wa Tukuyu, na kwetu mtu akitetemeka tunampeleka hospitali. Nalisema hili mapema ili ueleweke ugomvi wangu na kile kibanda. Kilijengwa nyuma ya nyumba yetu, hapa pembezoni mwa mji wa Bariadi: kibanda cha nyasi, urefu wake unanifika magotini, mlango wake wa kupitisha kichwa na mkono tu. Walisema ni nyumba ya babu yake mume wangu. Babu mwenyewe alifariki kabla mimi sijaolewa.

Mambo yalianzia kwenye kinu cha pamba, ambako mume wangu Mayige hupakia marobota. Robota moja liliteleza likamwangukia mgongoni. Hospitali walimtibu vizuri, wakampa tramadol za kutuliza maumivu, wakamwambia zikiisha arudi wamwone. Hakurudi. Mgongo ulipona, vidonge vikaendelea. Alivipata kwa watu wa mitaani bila cheti chochote, akawa hawezi kuamka wala kucheka na mtoto wetu Elina kabla hajameza. Kisha siku moja akaanguka kifafa pale kinuni, yeye ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Angeanguka hatua chache mbele, mashine ingemchukua. Nikamwomba twende kwa daktari.

"Wao ndio walionipa, Ikupa. Nirudi kuwaambia nini?" alisema. "Nitaacha mwenyewe. Kidonge kinishinde mimi?"

Kikamshinda. Alijifungia chumbani ili aache kwa nguvu, na kesho yake jasho lilikuwa linamtiririka, kamasi zinamtoka, miguu inapiga blanketi mateke. Mchana kweupe akanyoosha kidole kwenye kona ya chumba.

"Guku amesimama pale," alisema kwa sauti ndogo. "Mbona hasemi?"

Guku ni babu kwa Kisukuma. Mimi niliona kona tupu na ndoo ya maji, lakini nywele zilinisimama. Niliogopa, sikatai. Tangu siku hiyo ile ndoo naichukua kwa kunyoosha mkono, mwili nauacha mlangoni.

Mama mkwe wangu, Mama Nyanjige, alikuwa nyuma yangu na bakuli la uji. Yeye hakuogopa, alifurahi.

"Ni masamva," alisema. "Wazee wetu waliotangulia. Mtu akitetemeka hivi na kumwona mzee wake, anaitwa."

"Mama, hivi ni vidonge," nilimwambia.

"Mama Elina, nyie walimu kila kitu kwenu ni vidonge."

Ndugu wakaja kutoka Nassa na mbuzi mweupe na shanga. Kibanda kikajengwa, unga ukamwagwa mlangoni, Mayige akaagizwa awe anamsalimia babu kila asubuhi, peke yake. Alipiga magoti, akaingiza kichwa na mkono, akakaa hivyo kitambo. Haikupita muda mrefu jasho likakata, macho yakatulia, akaomba ugali. Vigelegele vikapigwa hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nilikuwa namtazama pua. Alikuwa anajikuna pua, kama anavyojikuna kila akishameza.

Nilijua. Ila ukoo ulishanionya kwamba mkamwana haruhusiwi hata kuchungulia humo ndani. Anayefagia ni Mama, kwa heshima ya umri wake. Mayige alikuwa amepata kabati ambalo hakuna mwizi wala mke atakayeligusa. Nilipombana alinijibu, "Babu ameniponya, unataka nini tena?" Alisema hivyo akinitazama machoni bila kupepesa. Hilo lilinitisha kuliko ile kona, maana niliolewa na mtu asiyejua kudanganya. Kila asubuhi nilisikia magoti yake yakisugua udongo nyuma ya nyumba, nikawaza kama jioni nitaletewa mtu au nitaletewa taarifa.

Katika kipindi hicho magoti ya Mama yakapona. Yalikuwa yamemtesa miaka, mpaka kwenda kanisani alihitaji kushikwa. Sasa alikuwa anachota maji mwenyewe na kuimba. Mchana alisinzia kwenye mkeka, usingizi mzito wa ghafla, mdomo wazi. Nilimtazama nikahisi baridi bila kujua kwa nini. Ule usingizi niliwahi kuuona mahali.

Kisha Mayige akanijia jikoni, amekunja uso.

"Umeingiza mkono kibandani?"

"Kwani kuna nini humo cha kupungua?"

Aligeuka, akatoka kuelekea kibandani. Baadaye nilielewa kwamba alihamisha mali yake, akaanza kutembea nayo mfukoni.

Na Mama akaugua. Jasho, kamasi, miguu kurusha mateke. Hakutaka nimguse. Jioni jua likiwa bado lipo, Mayige aliporudi kutoka kazini, tulimkuta nyuma ya nyumba kifudifudi, mkono umezama kibandani hadi begani, anapapasa vumbi. Unga aliouleta wa kuombea ulikuwa umemgeuza nywele nyeupe zaidi.

"Baba, nimekukosea nini?" alikuwa anasema. "Baba, nijibu."

Mayige akachuchumaa. "Mayu," alimwita mama yake kwa Kisukuma, "unatafuta nini?"

"Babu yako alikuwa ananiachia dawa ya magoti. Nafagia, naikuta. Kijani na njano. Si unajua alikuwa shabiki wa Yanga mpaka anakufa? Nikajua ni yeye." Meno yalikuwa yanagongana. "Sasa amenyamaza. Na asubuhi nimemwona kwenye kona ya chumba changu. Ananitazama tu."

Nilimwona mume wangu akitia mkono mfukoni. Kidonge kimoja tu na mama yake angetulia, babu angebaki babu, na siku inayofuata tungeamka kama kawaida. Alitoa kipande cha pakiti ya vidonge, akakiweka juu ya udongo, kati yao wawili.

"Ni mimi, Mayu. Hakuna babu. Aliyekuwa anaviweka ni mimi."

Mama aliinua uso. Nilingoja alie, au amlaani. Alikitazama kile kipande, akanyoosha kiganja.

"Basi nipe," alisema.

Mayige alilia kwa sauti. Kisha akambeba mama yake kwa mgongo ule ule ulioangukiwa na robota, akatoka naye mpaka barabarani kutafuta bajaji. Mimi nilifuata na vidonge mkononi. Hospitali daktari aliuliza mgonjwa ni nani. Mayige alisema, "Tuko wawili," na hakuinamisha kichwa.

Daktari alisema hawataachishwa ghafla. Atawapunguzia kidogo kidogo huku akiwaangalia, na yuko mtu wa kuzungumza nao kila wiki. Nilimweleza habari za kona, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alisema kuacha dawa hizo kwa mkupuo, tena peke yako, kunaweza kukuletea mtu chumbani.

Mama amepona upesi, magoti yamerudia kuuma. Mayige bado yuko njiani kupona. Kibanda hakuna aliyethubutu kukivunja, hata mimi mwenye maneno mengi. Kila asubuhi Mama hupita pale, husalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," halafu husimama kungoja. Ndani ya nyumba, Mayige hunishika mkono na kuubana mpaka mama yake amalize kungoja.