Jibu la Haraka la Anselme Lardy

Mwezi Agosti mizabibu haimtaki mtu. Dawa imeshapigwa, majani yaliyozidi yameshapunguzwa, zabibu zinageuka rangi zenyewe, na mkulima anayerandaranda shambani wakati huo anazisumbua tu. Ndiyo maana kila Alhamisi ya Agosti Anselme Lardy alitoa baiskeli ya chuma aliyoachiwa na mjomba wake, akaijaza upepo, akaenda kumsubiri jirani yake Clotilde Moindrot kwenye geti. Kijiji kiliwachungulia kupitia mapazia. Mgane na mjane, baiskeli mbili, kikapu kimoja cha chakula: kila mwenye macho alishajua kinachoendelea, isipokuwa Anselme mwenyewe, aliyeamini kwamba anafanya mazoezi ya magoti.

Clotilde alikuwa na baiskeli ya betri, na kwa hilo Anselme hakumpa nafasi ya kupumua. Alisema baiskeli ile ingefika mji wa Cluny, mwisho wa njia, peke yake hata mwenyewe akidondoka njiani pale Cormatin, na kwamba huko Cluny wangeipokea tu na kuipa pole. Clotilde alimjibu kwamba ya kwake inalia kama mlango wa zizi, ndiyo maana ng'ombe wote wa pembeni huinua vichwa anapopita, wakidhani wanaletewa majani. Walitaniana hivyo kutoka kilomita ya kwanza mpaka ya mwisho, na wote wawili wakarudi nyumbani wameshiba.

Njia yao zamani ilikuwa reli. Garimoshi lilipokoma, vyuma viling'olewa, lami ikamwagwa, na sasa hapapiti gari, pikipiki, wala trekta la meya. Inakwenda tambarare chini ya vivuli, kati ya mizabibu upande mmoja na malisho ya ng'ombe weupe upande wa pili. Mtu husikia cheni yake mwenyewe, na akishazeeka husikia na magoti.

Alhamisi hiyo, walipokuwa wameipita stesheni ya zamani ya Saint-Gengoux, Clotilde akasema bila kugeuza kichwa kwamba mwanawe Lucien amempatia nyumba ndogo jijini Lyon, karibu na kwake, yenye lifti na vyumba vyenye joto. Akasema baridi ya mwaka jana ilimtesa na nyonga haimpi tena raha akiinama. Akasema ameamua kuuza La Garenne, shamba lake la mizabibu lililotenganishwa na la Anselme na ukuta mmoja wa mawe.

"Kwa hiyo nakwambia wewe kwanza," akamaliza. "Unalitaka?"

Kwetu huku hakuna anayeuza mizabibu kwa mtu wa mbali kabla hajamwambia jirani wa ukuta. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini jaribu kwenda kinyume uone kama kuna atakayekusalimu mbele ya kanisa. Jirani akisema ndiyo, shamba ni lake na mambo yamekwisha. Akisema hapana, kila mwenye mkoba anaweza kubisha hodi, na wenye mikoba kutoka Beaune, mji wa matajiri wa mvinyo, walikuwa wameshaanza kulizungukia La Garenne wakijifanya wanapiga picha za maua. Na kabla jirani hajajibu, hakuna anayegusa hata jani. Ila heshima ni kujibu papo kwa papo. Anayesitasita huonekana anautafutia kasoro udongo wa mwenzake, na hilo ni tusi. Bahati mbaya, Anselme alikuwa amelelewa vizuri mno.

"Nalichukua," akasema. "Bei utakayotaja wewe, sibishani."

Alijiona muungwana kweli. Hata mgongo aliunyoosha juu ya kiti.

"Asante," akasema Clotilde. Akabonyeza kitufe kwenye usukani, baiskeli ikavuma kidogo, na mara hiyo akawa mbele, mbali, anapungua ukubwa.

Mwanzoni Anselme alidhani mama wa watu ameshikwa na uchungu wa kuachana na shamba, akaona ni adabu kumwacha alie faraghani. Baadaye akadhani labda ana wasiwasi juu ya mizabibu yake ya zamani, ile iliyopandwa na baba mkwe wake. Akakazana, akahema, akamfikia karibu na daraja, akamwahidi kwamba hatang'oa hata mzabibu mmoja. "Sawa," akasema Clotilde, na kitufe kikabonyezwa tena.

Barabarani mtu akikununia unaweza kusingizia malori, ukasema labda amejibu na hukumsikia. Njia hii haina lori. Anselme aliusikia ukimya wake wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kelele pekee iliyokuwapo ilikuwa baiskeli yake inayolia kama mlango wa zizi bila mtu wa kuicheka.

Akawa na nafasi ya kufikiri, jambo ambalo saa moja nyuma lingemfaa zaidi. Akaanza na mahesabu ya furaha. Mashamba mawili yangekuwa moja. Ule ukuta angeweza kuutoboa, trekta lipite bila kuzunguka. Mavuno yangekuwa makubwa, na mvinyo wa La Garenne, ambao aliusifia kimoyomoyo na kuukejeli hadharani, ungekuwa wake. Kisha mavuno yangeisha, na miezi ya baridi, na Agosti ingerudi, naye angetoa baiskeli siku ya Alhamisi na kuipeleka kwenye geti lenye kufuli.

Akashika breki. Mjerumani mmoja aliyekuwa nyuma yake na mizigo yake pembeni nusura amgonge, akapita akinung'unika kwa Kijerumani. Anselme hakumwona. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mguu mmoja chini, na alikuwa na hofu kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Ameuza Alhamisi zake zote, na amezitoa haraka, kwa heshima, bila hata kuombwa apunguze bei.

Alimkuta mahali walipozoea kula, penye birika la mawe ambapo wanawake walifulia zamani, chini ya paa la vigae. Clotilde alikuwa ameshatandika kitambaa. Palikuwa na maandazi ya jibini aliyooka asubuhi, nyanya, soseji kavu, jibini la mbuzi, na chupa ndogo ya mvinyo mweupe wa La Garenne inayopoa majini. Glasi zilikuwa mbili. Anselme akashukuru kimya kimya kwa ile ya pili.

"Umechelewa," akasema Clotilde.

"Sina betri."

"Ukitaka una kasi. Leo nimeiona."

Anselme akakaa. Akachukua andazi, akalirudisha. Clotilde akamkazia macho, na safari hii hakuwa na utani usoni.

"Nimeingia shamba lile bado bibi harusi, Anselme. Nimelia mle, nimeimba mle, siku ya mvua ya mawe nilipiga magoti mle. Halafu wewe umenijibu kabla sijameza mate."

"Ilikuwa heshima."

"Najua ni heshima. Nilitaka unikosee heshima kidogo. Usite, ukune kichwa. Hata mpaka kona ile tu ungesita."

Mzee wa watu akaona uso wake mwenyewe ndani ya maji ya birika na hakuupenda. "Basi silitaki," akasema.

"Ukisema hulitaki, Jumatatu wale wa Beaune watakuwa mlangoni pangu na kalamu."

Hilo nalo alikuwa amelisahau. Akinunua, anakwenda. Akikataa, anakwenda. Akamenya ngozi ya soseji kwa muda mrefu kuliko soseji inavyohitaji. Hakuna mtu katika ukoo wa Lardy aliyewahi kusita juu ya ardhi ya jirani. Baba yake alimjibu mtu siku ya mazishi, jeneza likiwa bado halijatoka kanisani.

"Sijajibu," akasema mwishowe.

"Umejibu. Nimekusikia."

"Nilikuwa juu ya baiskeli. Jibu la mtu aliye juu ya baiskeli halihesabiwi."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Sasa nimekaa chini, na nikiwa nimekaa chini nasema nitafikiria."

Clotilde akamimina mvinyo. "Utafikiria mpaka lini?"

"Sijui. Kuna mengi ya kuangalia. Pale chini maji yanatuama. Kule juu mizabibu ya mkweo imepinda. Lazima niipogoe mwenyewe Januari nzima, safu zote, ndipo nijue ninanunua nini. Na Januari moja haitoshi kujua."

"Wewe unapogoa kama kinyozi wa jeshi."

"Kwa hiyo utakaa pembeni kwenye kiti, umevaa makoti yako yote, unielekeze. Jioni tutaota moto kwangu. Kuni zipo, na jiko lile linapasha joto chumba ambacho hakina mtu."

"Kijiji kitasema Lardy anaichokonoa ardhi ya mjane kutafuta kasoro."

"Waseme."

"Mbele ya kanisa hawatakusalimu."

"Wasisalimu." Akanywa mvinyo, kisha akasema akiitazama soseji: "Clotilde, mimi sitaki uende. Nikishika hiki unakwenda, nikishika kile unakwenda. Kwa hiyo sishiki kitu. Nitakuwa mtu mwenye adabu mbaya kuliko wote katika wilaya hii, mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka."

"Basi kazi yenyewe si ndefu."

Clotilde akacheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa cha chakula, akasema ni vitunguu, ingawa hapakuwa na kitunguu. Akachukua nyanya moja, akaila yote. Anselme alingoja. Hakuwahi kungoja kitu chochote vizuri namna ile.

Kisha Clotilde akatoa simu kikapuni na kumpigia mwanawe.

"Lucien? Ndiyo, nimemwambia. Hapana, hajajibu." Akasikiliza. "Anasema anafikiria. Ndiyo, huyo huyo Lardy, hata mimi nimeshangaa. Basi hao wa Beaune uwaambie wasubiri, desturi ni desturi." Akasikiliza tena, na macho yake yakatua juu ya Anselme. "Hapana, mwanangu, simharakishi. Mtu mwenyewe ni mzito."

Anselme, ambaye maishani mwake hakuwahi kuitwa mzito, alijikatia kipande cha jibini la mbuzi, akakitia mdomoni, akakitafuna polepole kadiri alivyoweza.