Mkwe na Gunia la Mbaazi

Jina la mama mkwe wangu sitalitaja, hata hapa. Ndivyo tunavyoheshimiana sisi Wakamba. Mkwe hamwiti mama mkwe kwa jina, hampi mkono, haketi naye chumba kimoja wakiwa wawili tu, na akimkuta amebeba mzigo, anaupokea. Mwanamume anayemtazama mama wa mkewe akihangaika na mzigo huyo si mtu, ni gogo.

Mwaka wa tisini na sita mimi nilikuwa gogo. Nilikuwa mpakizi katika kiwanda kimoja cha unga kule Industrial Area. Siku moja ubao wa kupandia lori uliteleza, nikaanguka, na gunia la mahindi likaniangukia mgongoni. Nilitoka hospitali nikitembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mke wangu, Mutheu, ndiye aliyenivalisha soksi kila asubuhi kabla hajaenda kuuza mboga sokoni. Ndiye aliyebeba maji kutoka mferejini, huku majirani wetu wa Maringo wakiniona nimekaa mlangoni, jitu zima, mikono mapajani. Niliona aibu hadi nikahamisha kiti ndani.

Tegemeo letu lilikuwa fidia, niliyoidai kupitia leba, ofisi ya serikali ya mambo ya wafanyakazi. Daktari alikuwa amesema sitabeba mzigo tena, na bila fidia tungefukuzwa nyumba ile kwa sababu ya kodi. Lakini kampuni ilidai ninajifanya. Ikamtuma karani wake, Muturi, anichunguze. Wiki nzima alishinda akinywa chai kwenye kibanda kilichotazamana na mlango wetu, gazeti mkononi. Mtaa mzima ulijua anatafuta nini. Mimi pia nilijua.

Ijumaa mama mkwe akatokea kutoka Mwingi, amekuja kunijulia hali. Mgongoni alikuwa na gunia la mbaazi, ukanda wake umepita kwenye paji la uso, jasho linamtiririka. Mutheu alikuwa sokoni. Wanawake waliokuwa mferejini wakaacha kuteka maji, wakageuka kuona mkwe atafanya nini. Muturi naye akaweka gazeti chini.

Nilimwona Muturi, sitasema sikumwona. Akili iliniambia, Mwangangi, tulia hapo hapo. Lakini miguu ilikuwa imeshatoka nje.

"Nikupokee, mama," nikasema.

"Hapana, wewe ni mgonjwa."

"Mimi ni mzima."

Nikalibeba gunia lile hadi ndani, nikalitua kando ya jiko. Nje nilimsikia Muturi akicheka huku akiondoka. "Kumbe uko fiti, Mwangangi! Haya, tuonane leba!"

Nilipojaribu kunyooka nikaanguka chali. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikusikia kitu, ila vuguvugu la mkojo ukienea kwenye suruali. Mama mkwe alikuwa amesimama nje akimsubiri bintiye, kama heshima inavyotaka. Niliziba mdomo kwa mkono nisipige kelele, lakini maumivu yakanishinda, nikaguna. Akaingia.

"Geuza uso ukutani," akaniambia.

Nikageuza. Alinivua, akanisafisha kwa maji ya vuguvugu, akanifunga leso ya Mutheu. Miguu ilipoanza kupata uhai alirudi nje, na Mutheu alipofika alimkuta ameketi kwenye kijiwe akipepeta mbaazi. Hakuna aliyemwambia kitu. Nilitamani kufa, nasema kweli.

Kesi yetu ilipoitwa katika ofisi ya leba, mama mkwe alisisitiza kuja. Yeye na Mutheu wakabaki kwenye benchi ukumbini pamoja na watu wengine waliosubiri zamu yao. Ndani tulikuwa mimi, Muturi na afisa aliyeitwa Wamalwa, mzee wa Bungoma mwenye sauti ya upole. Muturi alieleza aliyoyaona, tena bila kuongeza chumvi.

"Ni kweli ulibeba gunia?" Wamalwa akaniuliza.

"Ni kweli."

"Halafu?"

"Nilianguka. Miguu ikafa."

"Nani alikuona?"

Jibu lilikuwa nje ya mlango ule, limevaa kitambaa cheupe cha kanisani. Nililimeza. "Hakuna."

Wamalwa aliweka kalamu chini. "Bwana, basi mimi niandike nini? Kaa hapo nje kidogo ufikirie. Ukikosa shahidi, naifunga faili."

Nilitoka nikishikilia ukuta. Mutheu akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wanataka mtu aliyeniona nikiwa nimeanguka, na mtu huyo hayupo.

Mama mkwe hakunitazama. Alimgeukia bintiye. "Muulize mume wako, siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

Mutheu akanitazama. Nikakodolea macho viatu vyangu.

"Mwambie, kama ni aibu, mimi yangu ilikwisha siku ile."

Akajifunga leso vizuri kiunoni, akaingia, na mlango akauacha wazi. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi ng'ambo ya mto. "Bwana mkubwa, mimi ni mama wa mke wake. Nilimkuta chini amejikojolea, miguu haina uhai. Nilimvua suruali. Nilimwosha kwa mikono hii."

Benchi zima lilisikia. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu alivuta kofia ikamfunika macho. Mutheu alijiziba uso kwa viganja, akaanza kulia.

"Huyo mama amefundishwa cha kusema," Muturi akasema.

"Nyamaza," Wamalwa akamkata. "Hata kwetu mama mkwe hamwoni mkwe uchi. Akimwona, halisemi. Nani angemfundisha mama huyu kujivunjia heshima namna hii?" Kisha nikamsikia akimwomba mama mkwe msamaha kwa niaba ya serikali, na kalamu ikaanza kukwaruza karatasi.

Fidia ilitoka kabla ya Krismasi, na nyumba hatukuhama. Lakini siku ile pale ukumbini mama mkwe alipita mbele yangu, kichwa chini, akaenda moja kwa moja kituo cha mabasi cha Machakos Bus kutafuta gari la kwao. Nilitaka kumshukuru. Nilifungua mdomo, uso ukakataa kuinuka.

Tangu siku hiyo hajaja kwetu tena. Mutheu akienda Mwingi humpelekea salamu zangu, naye hujibu kwamba amezisikia. Kila mara Mutheu hunisihi tufuatane. Mimi humwambia mgongo hauwezi safari ndefu.

Mgongo unaweza.